Filamu ya sayansi ambayo mtu ataimaliza: mwongozo kamili kwa anayeanza Dar

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilitoa filamu fupi ya malaria, dakika 11, bando lilikata mara mbili wakati naipandisha, nikalala najiona nimeua. Asubuhi dada mmoja anayefanya kazi maabara ya wadudu akanitumia voisi, anacheka mpaka anakohoa: kaka, yule mbu uliyemuweka dakika ya pili mbona ana miguu ya pundamilia, yule sio wa malaria, yule ni Aedes, wa dengi huyo. Picha nilikuwa nimeiokota tu intaneti, nikaandika mbu wa malaria nikachukua aliyetokea wa kwanza. Na Dar hii hii imeshapigwa na milipuko ya dengi, 2014 ikaja tena 2019, halafu Aedes anauma mchana wakati mbu wa malaria kazi yake kubwa ni usiku, kwa hiyo aliyeniamini mie angejua mbu wa malaria wa kumkwepa ni yule wa mistari, na saa zake ni mchana, vyote viwili uongo.

Toka siku ile nikajiwekea utaratibu, na ndio huu naumwaga hapa. Sio wa mtu mwenye bajeti ya televisheni ya Ulaya. Ni wa mtu mwenye simu nzuri kiasi, au kamera ya kuazima, au mtafiti aliyechoka kuandika ripoti zinazosomwa na watu sita na sasa anataka shangazi yake aelewe anafanya nini kazini.

Kwanza swali, profesa baadaye

Kosa la karibu kila mtu: unapata connection na mtafiti, unafurahi, unaenda kumpiga picha anaongea dakika arobaini, unarudi nyumbani na mzigo wa maneno halafu unaanza kutafuta filamu ndani yake. Haipo humo. Filamu inaanza na swali ambalo mtazamaji analo tayari, hata kama hajawahi kulitamka.

Mfano bora tunao wenyewe wala hatuutumii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake shuleni. Utaratibu ni uchemshe maziwa na sukari, usubiri yapoe, ndio uingize kwenye friza. Yeye akaona nafasi ya friza inaisha, akatia yakiwa ya moto, na yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetia bila kuchemsha. Akauliza darasani, akajibiwa umechanganyikiwa, baadaye akaendelea kuuliza mpaka mwalimu akamkejeli kwamba hiyo sasa ni fizikia ya Mpemba, sio ya dunia nzima. Akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu hapa Dar, Denis Osborne, Mpemba akasimama akauliza tena mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Ona hiyo stori ina nini. Ina aiskrimu, ina kuchekwa, ina mtu anayegoma kunyamaza, ina jaribio unaloweza kulirudia kwenye friji la jirani anayeuza lambalamba. Na utamu zaidi, ubishi haujaisha: 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakasema wao hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba cha moto kinawahi kuganda kuliko cha baridi, na kwamba hata mahali unapochomeka kipimajoto ndani ya kikombe panaweza kukubadilishia jibu. Ungekuwa umeanza na profesa angeanza na neno thamodinamiki na ungempoteza mtazamaji sekunde ya nane.

Kupima swali lako ni rahisi. Nenda kijiwe cha kahawa au saluni, liulize, kaa kimya. Wakianza kubishana unalo. Wakisema "mh, sijui" na kurudi kwenye Simba na Yanga, huna, tafuta lingine. Mie yaliyowahi kuwasha moto ni haya: kwa nini visima vingi vya mjini vinatoa maji ya chumvi (hapo utaingia kwenye habari ya maji ya bahari kusogea chini ya ardhi pale tunapovuta maji baridi kuliko mvua inavyorudisha), kwa nini Jangwani panajaa maji kila masika wakati mvua yenyewe imenyesha Kisarawe, na panya anawezaje kunusa kifua kikuu. Hilo la panya watu hawaamini mpaka uwaambie ni kweli, panya buku wanafundishwa Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, na mmoja wao aliyefundishwa hapo, Magawa, 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Panya wa Morogoro ana medali, jirani yako ana mtego. Hapo kichwa cha filamu unacho.

Kumpata mtafiti na kuelewana naye mapema

Baruapepe hazijibiwi. Sisemi kwa ubaya, wana mia mbili kwa wiki. Panda gari shuka, uonekane. Dar tuna bahati ambayo wa mikoani hawana: Mlimani ipo, Muhimbili ipo, NIMR wa utafiti wa magonjwa makao makuu yalikuwa hapa mjini miaka yote, Ifakara wa utafiti wa afya wana ofisi Mikocheni, COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, wapo pale Kijitonyama mpaka kituo cha daladala kinaitwa Sayansi. Ila usiende kichwa kitupu. Soma angalau andiko lake moja, hata kama unaelewa nusu, halafu muulize kitu kimoja cha ndani: ulijuaje kwamba sio sababu nyingine? Mtafiti akiulizwa hivyo anakaa vizuri kwenye kiti, manake waandishi wengi wanamuuliza tu "mmegundua nini".

Halafu kabla ya kamera kuwaka, malizaneni mambo mawili. Moja, ukweli wa kisayansi ni wake, atasoma skripti na kuona filamu kabla haijatoka, akisema namba sio hiyo utabadilisha bila kinyongo. Mbili, mkato ni wako, mpangilio na urefu na muziki ni kazi yako. Msipoyasema haya mapema yatasemwa mwishoni kwa hasira. Kuna taasisi moja, siitaji, ilinilipa nusu, nikamaliza kazi, wakarudisha wakitaka hotuba ya bosi dakika nne iwekwe mwanzo pamoja na nembo saba za wafadhili. Niliweka, nilikuwa na kodi ya nyumba. Ile filamu ukiangalia takwimu zake watu wanaondoka sekunde ya ishirini, yaani bosi hata hajafika kwenye "awali ya yote".

Siku hizi nembo zote zinakaa mwisho, iko kwenye mkataba, kifungu cha kwanza kabisa.

Uulize pia kama matokeo yameshachapishwa. Mtafiti mwenye data mpya mara nyingine hawezi kuruhusu zionekane mpaka jarida litoe, na wewe ukiwahi kumwaga umemharibia miaka mitatu ya kazi.

Lugha, hapa ndipo penye shughuli

Mtanzania anasoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, akifika kidato cha kwanza inageuka Kiingereza mpaka anazeeka nayo. Sasa unamkuta daktari bingwa, Mchaga wa Kibosho au Mzaramo wa hapa hapa Kisarawe, kwenye meza ya chakula anaongea Kiswahili cha kukufurahisha, ukiwasha kamera anakuwa balozi wa nchi nyingine. Sio maringo. Maneno ya kazi yake aliyapokea kwa Kiingereza na hajawahi kuombwa ayaseme vingine.

Dawa niliyoipata ni kumpa mtu wa kuongea naye. Simuambii "ongea na kamera". Namkalisha fundi seremala, au mama ntilie wa jirani na ofisi yake, pembeni ya lenzi, na namwambia mweleze huyu. Mama ntilie haogopi kusema "hapo sijakuelewa baba". Mzee mmoja wa mambo ya kinga ya mwili alihangaika robo saa na neno la Kiingereza mpaka mama akamkatisha, "kwa hiyo mwili unaweka kumbukumbu ya sura ya mwizi?" Mzee akanyamaza, akatabasamu, akasema ndiyo, ni sura ya mwizi, na kingamwili ndio wanaomkamata akirudi. Dakika ile ndiyo iliyobeba filamu nzima na sikuiandika mie.

Maneno rasmi yapo mengi kuliko tunavyodhani, TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Mlimani, na BAKITA, baraza la Kiswahili, wameshafanya kazi, kwa hiyo usikimbilie kusema Kiswahili hakina neno. Ila neno kuwepo sio neno kujulikana. Vinasaba kila mtu Bongo anajua, tumejifunza kwenye kesi za mtoto ni wa nani na Mkemia Mkuu wa Serikali. Usanisinuru, mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, wengi wamelisahau shule ya msingi. Kanuni yangu: onyesha kitu kwanza, mtazamaji akishakiona na kukishangaa ndio unampa jina lake. Na nisizidishe majina mapya matatu kwa filamu moja. Likizidi la nne, kuna kitu nakata.

Na ule mtindo wa kusema neno la Kiingereza halafu "yaani" ikifuatiwa na Kiswahili, kila sentensi, uache. Unachosha.

Vibali, fupi ila usiruke

Kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, anza huko. Mtaani beba barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hii inakuokoa na maswali ya "nyie ni wa nani" kuliko kitambulisho chochote. Ukipiga hospitalini au ukihusisha wagonjwa utakutana na suala la maadili ya utafiti, muulize mtafiti wako mapema kibali chake kinaruhusu kamera au la, mara nyingi hakiruhusu na kukiongezea kipengele kunachukua muda. Droni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usijaribu kuirusha karibu na bandari, kambi au Ikulu eti unataka picha ya fukwe, utalala ndani. Ukiwa na chaneli yako ya mtandaoni angalia kanuni za maudhui za TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ridhaa ya watu iwe ya maandishi na iwe kwa Kiswahili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile nyeti. Mie nasoma fomu kwa sauti, halafu namuuliza aniambie kwa maneno yake amekubali nini. Mama mmoja Mbagala alidhani picha ni ya kuonyesha madaktari tu. Nilipomwambia hata mashemeji zake wataiona WhatsApp alikataa, na alikuwa na haki, tukapiga mikono yake tu na kikombe cha dawa.

Skripti

Gawanya karatasi katikati, kushoto andika kinachoonekana, kulia kinachosikika. Ukikuta kushoto pametupu mistari mitano, hiyo sio filamu ni redio, na redio ni kitu kizuri ila sio tulichoagiza.

Mwendo ninaoupenda uko hivi: swali, halafu jibu ambalo mtaa unaamini, halafu jaribio la kulipima hilo jibu, halafu kitu ambacho hakikutarajiwa, halafu tulipofikia. Usimdharau mtazamaji kwenye ile hatua ya pili. Imani ya mtaa mara nyingi ina macho. Watu wanaosema dengi inaletwa na mvua hawajakosea sana, wameona kweli mvua ikinyesha wagonjwa wanaongezeka, kilichokosekana katikati ni tairi lenye maji. Na mayai ya Aedes yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji, kwa hiyo hata kiangazi lile tairi sio salama. Ukiipokea imani yake ukamwongezea hicho cha katikati anakufuata. Ukianza na "wengi wanaamini kimakosa" umeshapigana naye.

Neno "huenda" usilikate. Mtafiti akisema "inaonekana inapunguza" wewe ukaandika "inazuia", umeshasema uongo kwa herufi chache tu. Najua "huenda" haivutii. Ila inaweza kuwa ndio utamu wenyewe, kama kwa Mpemba, watu wazima na vipimajoto vyao wanabishana zaidi ya miaka hamsini kuhusu kikombe cha maji.

Urefu: kwa simulizi ya Kiswahili isiyokimbia mie nahesabu kama maneno 90 mpaka 100 kwa dakika, na naacha theluthi ya filamu bila mtu kuongea kabisa.

Kupiga picha, na kwanza kabisa sauti

Picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya hapana. Kabla hujanunua lenzi yoyote nunua maiki ya kubana kwenye shati. Halafu pambana na Dar: bajaji, msikiti na kanisa, jenereta la jirani, muuza vyombo na spika yake, feni. Feni na AC ndio wauaji wakimya kwa sababu sikio lako limezizoea, nimewahi kupoteza mahojiano ya saa mbili nzima kwa mlio wa AC ambao chumbani sikuusikia hata kidogo. Zima, jasho litoke, futeni, endeleeni. Kabla ya kuondoka rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, utaihitaji kuziba mapengo ukiwa unaediti.

Taa za maabara nyingi zitakutetemekea kwenye picha, mistari inapita juu mpaka chini kama maji. Umeme wetu ni hetzi 50, kwa hiyo weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 au 1/100, mistari inatulia. Simu nyingi zina programu za bure za kukuruhusu kushika hivyo vitu kwa mkono. Kingine, usimwambie mtafiti ajifanye anafanya kazi. Wote mmeiona ile picha, mtu na koti jeupe anaangalia kichupa cha maji ya bluu kama anasoma nyota. Muulize leo una kazi gani ya kweli, kaa kimya nusu siku umpige anaifanya, na akikosea akarudia, hiyo ndiyo klipu ya thamani.

Sasa tuje kwenye tairi. Ndipo nilipolipa deni la yule mbu.

Nilienda kwa mafundi wa matairi Manzese siku tatu baada ya mvua, nikachota maji kwa kikombe cha plastiki cheupe, nikayamimina kwenye glasi nyembamba ya pembe nne niliyoigundisha kwa silikoni, upana wa vidole viwili tu, ili viluwiluwi wasiwe na pa kukimbilia nje ya fokasi. Lenzi ya kubana kwenye simu, ya kukuzia, Kariakoo nilipewa kwa 25,000 baada ya kuvutana. Nyuma ya glasi karatasi nyeupe, taa nyuma ya karatasi. Ukikaa kimya dakika mbili wanapanda juu kuvuta hewa, na hapo ndio utaona kitu ambacho hakuna maelezo yanayokifikia: wale wa Aedes wananing'inia vichwa chini, mkia juu, wanapumulia bomba kama mzamiaji. Wa malaria, Anopheles, hana bomba, analala sambamba na uso wa maji kama mtu aliyelala mkekani. Nikapitisha mkono mbele ya taa, kivuli kikawapita, wote wakazama kwa pamoja, taratibu wakaanza kurudi. Mafundi waliacha kazi wakaja kuangalia skrini. Mmoja wao, umri wa baba yangu, akasema haya madudu nimeyaona toka utoto sikujua yana pua. Sekunde 40, hakuna neno la msimulizi hata moja.

Viluwiluwi wa malaria sikuwapata kwenye tairi, nilipewa nafasi ya kupiga wa kufugwa maabara, na nilisema hivyo kwenye filamu. Ukipiga kitu sehemu nyingine sema.

Vitu vya polepole unavipata kwa taimlapsi na hesabu yake ni ya darasa la tano. Mbegu ya haragwe kwenye pamba, picha moja kila dakika 10, ni picha 144 kwa siku, siku tano ni 720, ukizicheza 25 kwa sekunde unapata karibu sekunde 29. Shida sio hesabu, shida ni umeme kukatika na shemeji kuchomoa chaja. Taa iwe ya betri na andika karatasi USIGUSE, ongeza jina la mwenye nyumba. Vitu vya haraka ni kinyume chake, simu inayopiga fremu 240 ukiicheza kwa 25 mwendo unapungua karibu mara kumi, ila inataka mwanga mwingi, toka nje saa tatu asubuhi.

Kuediti na michoro

Hapa nitapita haraka maana kuediti kila mtu ana mkono wake. Programu za bure zinatosha kabisa. Michoro ya kusogea fanya tu pale kamera haiwezi kufika, ndani ya seli, chini ya ardhi, na mwambie mtazamaji kwamba huu ni mchoro na kwamba rangi ni za kubuni, kuna mtoto aliniuliza kwa nini damu yake haina vile vidude vya zambarau. Saizi zipe kitu cha kushika: seli nyekundu za damu ukizipanga mstari, kama kumi hivi zinaenea kwenye unene wa unywele mmoja. Mikromita saba, upana wa seli moja, hakuna anayeziona kichwani, unywele kila mtu anao.

Muziki usiibe, wa bure wenye leseni upo, na wasanii wa mtaani wanakubali kulipwa kidogo wakiandikwa jina. Maandishi ya chini weka hata kama filamu ni ya Kiswahili, watu wanaangalia kwenye daladala bila sauti, na viziwi nao wanataka kujua.

Hifadhi kila kitu sehemu mbili, sio flashi mbili kwenye begi moja.

Majaribio mawili kabla ya kutoa

La kwanza ni la ukweli. Chukua skripti, pigia mstari kila namba, kila jina, kila picha ya kiumbe, na mbele yake andika nani amethibitisha. Picha nazo, narudia picha nazo, mbu wangu alipita kwa sababu nilihakiki maneno tu. Mpe mtafiti wako, na mpe mtafiti mwingine ambaye hayumo kwenye filamu, huyo wa pili ndiye hana aibu.

La pili ni la watu. Kusanya watano ambao sio marafiki zako wa filamu, waonyeshe kwenye simu zao sio kwenye tivii yako kubwa, na usiwaulize imekuaje, watakusifu tu. Waulize: ungemwambia mwenzako hii inahusu nini? Na: wapi ulitaka kushika simu ufanye kitu kingine? Filamu ya visima watatu kati ya watano waliniambia inahusu "DAWASA wanatuibia". Sikuwa nimetaja bei ya maji popote, ila klipu ya mwanzo ilikuwa mita ya maji inazunguka. Nikaitoa, nikaanza na mama anaonja maji anatema.

Pesa zipo wapi na filamu iende wapi

Pesa ya kwanza usiitafute kwenye matangazo ya YouTube. Wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndio wakuingize kwenye mgao wa matangazo ya video ndefu, utafika ila sio kesho. Pesa iliyo karibu ni ya miradi ya utafiti. Wafadhili wengi wa sayansi wanataka kwenye ombi kuwe na sehemu ya kurudisha matokeo kwa jamii, na watafiti wengi wanaijaza "tutafanya warsha" kwa sababu hakuna aliyewapa wazo lingine. Sasa wewe usiende mradi ukiisha, nenda wakati ombi linaandikwa, na bajeti ya ukurasa mmoja yenye siku za kupiga, usafiri, kuediti, kuhakiki na kuonyesha. Kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa pia lakini ule ni mkopo, utarudisha.

Ishu ya kuonyesha ndio tunaisahau wakati sisi ndio wenyeji wake. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema za elimu hapa Tanganyika, kambi yao Vugiri kule Usambara, wanapiga filamu za afya na kilimo halafu wanazunguka nazo vijijini na lori na projekta. Filamu zenyewe zilikuwa na dharau za kikoloni, mzungu anajua mwafrika anafundishwa, ila lile lori ni wazo zuri. Mwaka 1973 tukawa na kampeni yetu wenyewe ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi wanasikiliza redio halafu wanajadili na kwenda kuchimba vyoo, ikakusanya karibu watu milioni mbili. Siri ilikuwa kile kikundi baada ya redio kuzimwa.

Kwa hiyo WhatsApp weka kipande cha dakika moja na nusu, kiwe chepesi, wengi hawafungui kizito. YouTube weka nzima. Shule peleka kwenye flashi, mpe mwalimu wa sayansi mkononi. Sabasaba na Nanenane kuna mabanda ya taasisi za utafiti yenye tivii inayorudia nyimbo siku nzima, waombe waweke yako. Halafu nenda vibanda umiza. Mwenye kibanda ana skrini, ana viti, ana wateja waliozoea kusimuliwa filamu na madijei wanaoingiza sauti zao juu ya sinema za Kichina. Muombe dakika kumi kabla ya mechi, mlipe za umeme.

Nilifanya hivyo Tandale na filamu ya tairi. Sauti ya kibanda ilikuwa mbovu, dijei akaona simulizi yangu inalala akaizima akasimulia mwenyewe, "anazama huyo, anazama, muone muone", na alipatia kila kitu isipokuwa alimwita kiluwiluwi komando. Siku mbili baadaye mtoto wa miaka kama tisa alinisubiri njiani na chupa ya soda yenye maji ya tope, anataka nimwambie humo kuna wa dengi au wa malaria. Tukaiinua juani tukakodoa wote wawili, maji meusi, hatuoni kitu. Nikamwambia ayaache yatulie, afunge na kipande cha chandarua juu, nije kesho na glasi.